Kutoka Bukavu hadi Mediterania: mama, konokono na bugali wa Waitalia

Siku saba ndani ya meli ya kitalii, kati ya Marseille, Genoa, Palermo na Barcelona. Vyakula vingi ambavyo havijawahi kuonekana kwenye soko la Kadutu. Mama wa miaka 67 aliyekataa kula, na mjukuu wake aliyekuwa akikataa vyakula vya kwetu. Mwandishi wetu alikuwa mezani pamoja nao.

Kwetu Kivu, mtu akipanda boti haulizi watakula nini. Anauliza kama kuna majaketi ya kuokolea maisha. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024, siku ile boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, na watu wengi wakafa, swali hilo halina mzaha. Na chakula cha safarini ni kile ulichofunga nyumbani: makemba ya kukaanga, mayai ya kuchemsha, karanga, labda sambaza ndani ya karatasi.

Ndiyo maana mama yangu, alipoiona ile meli kwenye bandari ya Marseille, ghorofa juu ya ghorofa kama jengo lililowekwa juu ya maji, aliuliza kwanza habari ya majaketi. Yalikuwepo kwa kila mtu. Abiria wote walionyeshwa namna ya kuyavaa na mahali pa kukusanyika kukitokea hatari. Moyo wake ukatulia. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba shida ingetoka jikoni.

Safari ilikuwa zawadi ya dada yangu mkubwa. Anaishi Liège, nchini Ubelgiji, na kazi yake ni kutunza wazee. Aliweka pesa kando kwa miaka mitatu ili mama aone bahari mara moja maishani mwake. Ombi la kwanza la viza lilikataliwa, la pili likakubaliwa, nami nikamsindikiza mama kwa sababu ana ugonjwa wa sukari na hawezi kusafiri peke yake. Tulikuwa watu watano: mama, dada, shemeji, mtoto wao wa miaka tisa, na mimi.

Supu iliyopoa

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupanda meli za namna hii, tueleze kidogo jinsi zinavyofanya kazi. Ukilipa tiketi, umelipa kabini pamoja na chakula cha asubuhi, mchana na jioni. Vinywaji vingi hulipwa kando, pia baadhi ya migahawa maalumu. Jioni abiria huketi kwenye ukumbi mkubwa, meza ileile kila siku, na muhudumu yuleyule. Unapewa menyu, unachagua cha kuanzia, kisha supu au spageti, kisha nyama au samaki, kisha kitu kitamu. Usipokipenda ulichoagiza, unaletewa kingine na hulipi zaidi.

Desturi hii ina umri mrefu. Januari 1891, meli ya Kijerumani Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven ikiwa na abiria wasiokuwa na biashara wala ndugu wa kutembelea huko walikokwenda. Walikuwa wanazunguka Bahari ya Mediterania kwa kujifurahisha tu. Watu wengi huihesabu kama safari ya kwanza ya kitalii ya aina hiyo. Tangu hapo, meza imekuwa sehemu ya safari: abiria anaonja nchi kabla hajashuka bandarini, au baada ya kurudi.

Jioni ya kwanza menyu ilikuwa na konokono waliopikwa kwa siagi na vitunguu saumu, kama wanavyofanya Wafaransa wa Bourgogne. Kulikuwa pia na carpaccio: vipande vyembamba sana vya nyama ya ng'ombe isiyopikwa, vyenye mchuzi mweupe juu. Chakula hicho kilibuniwa mwaka 1950 na Giuseppe Cipriani, mwenye baa ya Harry's Bar mjini Venice. Na kulikuwa na gazpacho, supu ya nyanya kutoka Andalusia, kusini mwa Hispania, ambayo huliwa ikiwa baridi.

Mama aliagiza supu kwa sababu ndilo neno pekee alilolifahamu. Alitia kijiko mdomoni, akakirudisha.

– Imepoa. Waambie waipashe moto.

Dada akamweleza kwamba hivyo ndivyo inavyoliwa. Mama akatazama upande wangu, ambako carpaccio yangu ilikuwa nyekundu kwenye sahani, kisha upande wa mjukuu wake aliyekuwa akichokonoa konokono kwa uma mdogo. Akaomba mkate. Alikula mkate na ndizi mbili. Kesho yake, baada ya Genoa, alifanya vilevile: mkate, ndizi, chai.

Usiku wa hofu

Usiku wa kuamkia siku ya tatu, dada aliniamsha. Mama alikuwa anatetemeka, nguo zimelowa jasho, maneno hayatoki sawasawa. Alikuwa amemeza dawa zake za sukari kama kawaida, lakini tumboni hakukuwa na kitu cha kutosha. Sukari ilikuwa imeshuka. Tulimnywesha maji ya matunda yenye sukari, na baada ya robo saa akarudia hali yake. Kabla ya usiku ule tulikuwa tunacheka kuhusu konokono. Baada ya hapo, hakuna aliyecheka tena.

Asubuhi dada alishindwa kujizuia.

– Mama, nimefanya kazi miaka mitatu kwa ajili ya safari hii. Kwa nini unatufanyia hivi?

– Binti yangu, sikukataa pesa yako. Nimekataa konokono.

Katika kuwaza jibu hilo, niliona kwamba mama alikuwa na haki kuliko sisi tulivyofikiri. Mwanamke huyu aliuza maharagi Kadutu miaka mingi na kulea watoto sita katika mji ambapo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Sheria zake za jikoni ni chache: maji yachemke, nyama iive mpaka ndani, chakula kiliwe kikiwa moto. Nyama mbichi huko kwetu inaweza kuleta minyoo ya tegu. Supu iliyopoa ni supu ambayo nzi wameipitia. Kile ambacho sisi tuliita woga, ndicho kilichotufikisha sisi sote sita kwenye umri wa utu uzima.

Ni kweli kwamba melini mambo ni mengine. Nyama hukaa kwenye baridi tangu inapoingia bandarini mpaka inapofika mezani. Kwenye mlango wa ukumbi wa chakula kuna wafanyakazi wanaohakikisha kila mtu amesafisha mikono, kwa sababu ugonjwa wa kuhara na kutapika ukiingia ndani ya meli husambaa haraka. Jambo hilo mama alilielewa bila maelezo. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, hata sisi tulinawa mikono kila mlango. Lakini kuelewa ni kichwa, na tumbo lina kumbukumbu zake.

Mtu wa Madagascar

Aliyetutoa kwenye shida hiyo ni muhudumu wa meza yetu, kijana kutoka Madagascar. Wafanyakazi wa meli hizi hutoka nchi nyingi, hasa Ufilipino, Indonesia na India. Huyu alizungumza Kifaransa, na alikuwa ameona sahani za mama zikirudi jikoni mara mbili bila kuguswa. Jioni ya tatu hakumpa menyu. Alimuuliza nyumbani kwake wanakula nini.

Mama akajibu: bugali, maharagi, samaki, na sombe. Ilibidi dada aeleze sombe ni nini: majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakapikwa muda mrefu. Kijana akacheka kwa furaha. Kwao chakula hicho kinaitwa ravitoto, na hupikwa pamoja na nyama ya nguruwe. Wakaanza kubishana kuhusu kutwanga na kusaga kwa mashine, na wote wawili walikubaliana kwamba mashine inaharibu utamu.

Kisha akaleta sahani ambayo hatukuiagiza. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu mpaka inaachana yenyewe, mchuzi mzito, na pembeni kitu cha manjano, laini, kinatoa moshi. Mama aliligusa lile tonge kwa uma, kisha kwa kidole.

– Huu ni bugali.

Ulikuwa bugali kweli. Waitalia wa kaskazini wanauita polenta: unga wa mahindi, maji, chumvi, na mkono wa kuukoroga. Mama akainuka, akaenda kunawa, akarudi na kula kwa mkono wa kuume, kwa utulivu, mbele ya vitambaa vyeupe na glasi ndefu. Mjukuu wake alitazama meza za jirani kwanza, kuona kama kuna anayetuangalia. Halafu naye akaacha uma.

Mahindi si mmea wa Italia, wala si wa Kivu. Yalitoka Amerika, na yalivuka bahari baada ya safari ya Kolombo ya mwaka 1492. Kabla ya hapo, watu wa Italia ya kaskazini walipika uji mzito wa nafaka nyingine kama mtama mdogo, au wa unga wa njugu za msituni. Mahindi yalipoingia yalishinda vyote. Yalileta hata ugonjwa: katika karne ya 18 na ya 19, wakulima maskini wa huko waliokula polenta peke yake, bila nyama, maziwa wala mboga, waliugua pelagra, maradhi ya kukosa vitamini. Mama zetu wanaosema bugali bila mboga si chakula wanasema jambo ambalo Waitalia walijifunza kwa uchungu.

Sambaza nao walikuwa wageni

Jioni ya nne, baada ya Palermo, kijana alileta chakula cha Sicilia: spageti na samaki wadogo, sardini, pamoja na majani yenye harufu kali na zabibu kavu. Mama aliwatazama samaki wale kwa makini. "Sambaza wakubwa," alisema. Akala. Zabibu alizipanga moja moja pembeni ya sahani, kwa sababu, kwa maoni yake, tunda halina kazi kwenye samaki.

Hapo ndipo alipotusimulia kitu ambacho hata mimi, mtoto wake, sikukijua. Alipoolewa, sambaza hazikuwepo kwenye soko la Bukavu. Kulikuwa na ndakala za kukaushwa kutoka Uvira, basi. Siku zilipoanza kuonekana, wengine walisema ni ndakala zilizopotea njia, wengine walisema ni samaki wa wazungu na hawafai. Mama mkwe wake alikataa ziingie chunguni. Yeye alizinunua kwa siri, kwa sababu zilikuwa za bei nafuu na watoto walikuwa na njaa.

Historia inampa haki. Samaki huyu hakuwemo katika Ziwa Kivu. Alichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika na kutiwa humo kati ya 1958 na 1960, kwa sababu katikati ya ziwa hakukuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Uvuvi wenyewe ulichukua miaka mingi kuanza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mradi uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, upande wa Gisenyi, nchini Rwanda, ulianza kuwafundisha wavuvi kuwavua usiku kwa taa na nyavu za kuinua. Leo hakuna mtu wa Bukavu au Goma anayeona sambaza kama chakula cha kigeni. Tunazitaja pamoja na ziwa kana kwamba viliumbwa siku moja.

Ukiendelea kuhesabu, unabaki na nini? Muhogo, na kwa hiyo sombe yetu, ulitoka Amerika. Maharagi vilevile, nyanya vilevile, pilipili vilevile. Nyanya za gazpacho ambazo mama alizirudisha jikoni zina asili moja na nyanya za mchuzi wake. Kila chungu cha Kivu kina chakula ambacho siku fulani mtu fulani alikitazama kwa mashaka, na mwingine akathubutu.

Bei ya kuonja

Lakini kwa nini watu huthubutu melini kuliko nyumbani? Nilivyoona mimi, si kwa sababu ya ushujaa. Ni kwa sababu kosa halina bei. Ukiagiza tambi nyeusi zenye wino wa ngisi na ukashindwa, muhudumu anaondoa sahani na kuleta kuku. Mimi mwenyewe nilishindwa na jibini ya gorgonzola, ile yenye mistari ya buluu ambayo ni ukungu uliotiwa makusudi. Niliitemea ndani ya kitambaa, na hakuna aliyenigombeza.

Nyumbani hali si hiyo. Anayekula mara moja kwa siku hawezi kufanya majaribio na mlo huo mmoja. Kufwatana na mashirika ya Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu milioni 25 nchini DRC hawana chakula cha kutosha. Mama hakusahau hilo hata siku moja. Alipoona sahani zilizojaa zikirudishwa kutoka meza za jirani, alimuuliza kijana wa Madagascar vinakwenda wapi. Alijibiwa kwamba mabaki husagwa, na meli ikifika mbali na nchi kavu, sheria za baharini huruhusu kuyamwaga.

– Basi samaki wa huku wanakula vizuri, mama alisema. Tangu jioni hiyo, hatukuruhusiwa kuagiza kitu kwa ajili ya kukitazama tu.

Mapatano

Tuliporudi melini kutoka Malta, ambako mlo wa taifa ni sungura, mama alikula sungura bila kuuliza swali lolote. Sungura tunawafuga hata Kivu. Kilichobaki kilikuwa konokono.

Kabla ya safari, huko Liège, mama alikuwa amepika sombe na ndakala alizonunua Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Bruxelles. Mjukuu wake aliziba pua na kusema zinanuka. Mama hakujibu, lakini dada aliniambia kwamba usiku ule alimsikia akilia chumbani. Mtoto huyo anakula kome na konokono bila shida. Kilichomshinda ni chakula cha bibi yake.

Siku ya sita meli ilikaa baharini mchana kutwa. Jioni konokono walirudi kwenye menyu. Mtoto ndiye aliyeanza.

– Koko, ukionja konokono mmoja, nami nitakula ndakala zako tukirudi nyumbani.

Mama alinyamaza kwa muda. Akaomba aletewe. Alimvuta mmoja kutoka ndani ya kaka lake, akamchunguza kwenye mwanga, akafumba macho, akatafuna kwa muda mrefu. Sote tulisimamisha uma zetu.

– Ni kama firigisi ya kuku, alisema. Na vitunguu saumu vingi. Hata kiatu kikipikwa hivi kitaliwa.

Hakula wa pili. Watano waliobaki aliwasukuma upande wa mjukuu wake, ambaye aliwamaliza.

Ukipata nafasi kama hiyo

Kwa wasomaji wetu, hasa ndugu walioko Ulaya na Amerika ambao wanafikiria kuwapeleka wazazi safari za namna hii, haya ndiyo tuliyojifunza. Mgonjwa wa sukari au wa presha atajwe tangu mnapokata tiketi, na wa sukari asimeze dawa za kushusha sukari kabla ya kuwa na uhakika wa mlo wake. Siku ya kwanza mtafutieni mzazi chakula anachokifahamu, hata kama ni wali na kuku tu. Kuonja kunawezekana baada ya kushiba, si kabla.

Asiyekula nguruwe au asiyegusa pombe aulize, kwa sababu divai huingia kwenye michuzi mingi na nyama ya nguruwe hujificha kwenye spageti. Ambaye hajawahi kula kamba, kome au ngisi aanze na kidogo: kuna miili inayovikataa, midomo inavimba, ngozi inawasha, pumzi inabana, na hapo lazima daktari aitwe mara moja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inalazimisha wauza chakula kutaja vitu 14 vinavyojulikana kuleta madhara ya namna hiyo. Muulizeni muhudumu bila haya. Na asiyetaka kuonja aachwe kwa amani. Mama alikula kwa sababu mtu mmoja alimuuliza kwanza kwao wanakula nini.

Tulirudi Liège siku ya Jumapili. Jumatatu jioni, mama aliingia jikoni. Ndakala zilikaangwa, zikawekwa kwenye nyanya na vitunguu, na harufu ikajaa nyumba nzima. Mtoto aliketi bila kuitwa. Alikula tatu. Zilizobaki alizipanga moja moja pembeni ya sahani, kama bibi yake alivyofanya na zile zabibu.

Mama aliivuta sahani kwake, akazimaliza.